Kabla hujapuliza salfa kwenye waridi, liangalie jani kwanza

Mwezi uliopita mama mmoja wa Shangani kanijia hapa kitaluni na jani la waridi kwenye kifuko, hata shikamoo sijamaliza ananiambia mwanangu nimepuliza salfa mara tatu na majani bado yanapukutika, salfa za siku hizi feki. Nikalitoa jani. Madoa meusi, kingo zake zimesambaa kama wino uliodondokea kwenye tishu, na kuzunguka doa pameshakuwa njano. Mama, huu sio ubwiri.

Sisi watu wa Mtwara kila nyumba ina salfa, ile dawa ya ubwiri wa mikorosho, iliyobaki msimu wa korosho, so mmea wowote ukiumwa tunapuliza tu. Kwa ubwiri sawa, yaani ukiona majani machanga yamejikunja na yana vumbi jeupe kama umeyapepetea unga wa muhogo, salfa inasaidia, japo fangasi wa waridi siye yule wa mkorosho, ni ndugu tu. Ila usipige kwenye jua. Mimi mwenyewe nilishapuliza saa saba mchana mwezi wa kumi na moja, joto limepita nyuzi 32, kesho yake majani yameungua kama yamepigwa pasi ya mkaa. Piga asubuhi mapema au jua likishapoa.

Madoa meusi ni kesi nyingine kabisa. Fangasi wake anataka jani likae limelowa kama masaa 7 mfululizo ndo aingie, na mama yangu huyu anamwagilia baada ya magharibi, kwa mpira, kuanzia juu mpaka chini, waridi linalala limelowa hadi asubuhi, hapo hata amalize mfuko mzima wa salfa ni kazi bure. Maji mwaga asubuhi, shinani. Majani yaliyodondoka okota uchome, manake ugonjwa unabaki humo na matone ya mvua yanaurusha tena juu. Na punguza matawi ya katikati upepo upite, ukikata kata juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje.

Udongo wetu mchanga, kwa hiyo samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, usiwe bahili. Juu funika na makumbi, ila yale ya ufukweni yana chumvi, yaoshe kwanza. Maganda ya korosho hapana jamani, mafuta yake yanaunguza! Na kama uko kwenye mawe ya matumbawe halafu majani yanakuwa njano mishipa ikibaki kijani, acha kumwaga majivu, chokaa imeshazidi hapo na mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma.

Jana mama kanitumia picha WhatsApp, majani mapya safi kabisa. Nikamwambia geuza jani tuone chini. Utandu mwembamba na vidudu vyekundu vidogo kama vumbi la pilipili, utitiri huo, na wenyewe unapenda ukavu, dawa ya kuanzia ni kuupiga maji ya nguvu chini ya majani. Akanijibu kwa voisi, si umenikataza kulowesha majani wewe? Asubuhi mama, asubuhi, jua liyakaushe.