Nishati ya mabadilishano inatoka wapi?

Kila ninapofundisha mpangilio wa elektroni, kuna anayeamini kwamba nishati ya mabadilishano, yaani nafuu ya nishati ambayo elektroni hupata spini zao (sifa ya kwanta inayoelekea juu au chini) zikiwa sambamba, ni kani ya ziada, kana kwamba elektroni mbili hupokezana nafasi na atomu ikatulia kwa sababu hiyo. Kani mpya haipo. Upo msukumano uleule wa chaji, ukitii sharti moja la kwanta.

Tazama heli yenye elektroni moja katika obitali (eneo la elektroni kuzunguka kiini) ya 1s na nyingine iliyopandishwa hadi 2s, iliyo juu zaidi kinishati. Spini zikiwa sambamba, atomu iko elektronivolti 19.82 juu ya hali yake ya chini kabisa. Zikiwa kinyume, 20.62. Obitali ni zilezile, lakini tofauti ni 0.80! Usumaku wa spini zenyewe ni hafifu mno kuleta pengo hilo.

Wanafizikia Heisenberg na Dirac walitoa ufunguo mwaka 1926. Elektroni hazitofautishiki, na ukizibadilisha nafasi, fomula ya wimbi lao, ψ, lazima igeuke alama, chanya iwe hasi au hasi iwe chanya. Spini zikiwa sambamba, upande wa spini haugeuki, hivyo mgeuko unabebwa na upande wa nafasi. Sasa ziweke zote mbili mahali pamoja, a: ψ(a,a) = −ψ(a,a). Jibu ni sifuri tu. Yaani elektroni hizo zinakwepana hata kabla hatujahesabu msukumano, na katika hesabu ya kwanza nishati hushuka kwa kiasi K, ambacho ndicho nishati ya mabadilishano; spini zikiwa kinyume, hupanda kwa K. Pengo ni 2K. (Hesabu za kina zaidi huruhusu obitali zenyewe zibadilike, na hapo sehemu kubwa ya nafuu huonekana kwenye mvuto wa kiini.)

Mwaka 1928 Heisenberg alilipeleka wazo hilo kwenye chuma, kueleza kwa nini spini za atomu zake hukaa sambamba. Mvutano wa kawaida wa kisumaku kati ya atomu jirani ungevurugwa na joto la kelvini 1 hivi, ilhali usumaku wa chuma hudumu hadi kelvini 1043.

Kuhusu kromi, yenye elektroni sita za nje za kugawa kati ya obitali za d na s, vitabu vingi hukimbilia kuhesabu jozi: d⁴ ina jozi 6 za spini sambamba, d⁵ ina 10, basi d⁵s¹ (tano katika d, moja katika s) imeshinda d⁴s². Mimi hesabu hiyo peke yake hainitoshi. Tungsteni iko kundi lilelile, jozi zake ni zilezile, na bado hukaa d⁴s², kwa sababu elektroni zake za 6s zina kasi kubwa kiasi cha kuhitaji nadharia ya uhusianifu ya Einstein, na obitali hiyo imeshuka chini zaidi kinishati.