Uchimbaji wa uokoaji: kinachookolewa ni nini hasa?

Kila barabara inapopanuliwa au kiwanja kikubwa kinaposafishwa huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na vigae viwili vitatu vya vyungu vikajitokeza kwenye udongo uliosukumwa na katapila, maneno huwa yale yale: waje wataalamu waokoe eneo. Wakija, wapo wanaofurahi kwamba ujenzi sasa utasimama, na wapo wanaonong'ona kwamba kuna mali ya Mjerumani imefukiwa. Wakishaondoka na mifuko yao, tunasoma kwamba kijiji cha kale kimeokolewa. Yote matatu si kweli, na la tatu ndilo linalonikera zaidi kwa sababu husemwa na watu waliosoma.

Uchimbaji wa uokoaji ni uchimbaji wa kiakiolojia unaofanyika mahali ambapo imeshaamuliwa patajengwa, patachimbwa au patafunikwa na maji, ili taarifa zilizomo ardhini zichukuliwe kabla hazijapotea. Basi. Hauzuii mradi, kwa kawaida hufanyika ili mradi uweze kuendelea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na humo ndimo suala la mabaki ya kale linapoweza kuibuka mapema. Anayechimba lazima awe na kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo mpaka wake ni mwaka 1863: kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya hapo kinalindwa. Kijiji cha karne ya 14 kimo ndani bila mjadala, uwe na hati ya kiwanja au usiwe nayo. Habari ya mali ya Mjerumani naiacha hapo hapo ilipo, maana wanaochimbua chini ya mibuyu na nyuma ya maboma usiku hawatafuti taarifa.

Turudi kwenye kuokoa. Nyumba ya miti na udongo iliyoachwa miaka mia sita iliyopita haina kitu cha kubeba. Mchwa wamemaliza fito, ukuta umerudi kuwa udongo. Lakini pale nguzo iliposimama, shimo lake lilijaa udongo mwingine, mweusi na laini, na ukikwangua taratibu kwa mwiko wa fundi juu ya udongo wetu mwekundu unaona doa la duara, upana wa kiganja. Ukilipata la pili, na la tatu, mzunguko wa ukuta unaanza kujichora. Mahali fulani madoa yanakatika kwa hatua moja hivi: mlango. Katikati udongo umeiva rangi ya tofali: hapo palikuwa mekoni.

Sasa mchimbaji anachimba nusu tu ya doa na kuiacha nusu ya pili imesimama, ili aone ubavu wa shimo. Je, nguzo iliozea humo humo, au iling'olewa watu walipohama? Anapima, anachora, anapiga picha yenye kipimo pembeni, anachekecha udongo, anaandika namba kwenye mfuko. Kisha anachimba nusu iliyobaki, na saa ile ile lile shimo la nguzo halipo tena duniani. Hakuna namna ya kulibeba hadi makumbusho ya Boma pale Iringa mjini. Kilichobaki ni mchoro wake.

Kwa maneno mengine, mwanaakiolojia naye anabomoa. Tofauti yake na katapila ni kwamba anaandika anachokibomoa, tabaka kwa tabaka, la juu kwanza kwa kuwa ndilo la mwisho kuwekwa. Ni kama ajali kwenye mlima wa Kitonga: trafiki anayejua kazi yake hupima alama za matairi na kuchora lori lilivyolala kabla winchi haijalivuta. Likishavutwa pembeni lori unalo zima, ila nani alihama upande hutajua tena.

Ndiyo maana chungu kizima kilichofukuliwa na mafundi na kupelekwa ofisi ya kata kwa nia njema kabisa huweza kusema machache kuliko kigae kimoja kilichoachwa pale pale kwenye sakafu. Mkaa nao ni hivyo. Ukitoka ndani ya meko, kipimo cha kaboni 14 kitakupa umri wa kuni zilizowaka humo. Mkaa ule ule ukiokotwa kwenye lundo la kifusi unaweza kuwa wa meko hayo, au wa mtu aliyechoma mahindi hapo msimu uliopita. Na mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha chuma yanayofanana na mawe mazito meusi ambayo wengi huyachanganya na kokoto: yakiwa yamelala katikati ya nyumba yanaeleza jambo moja, yakiwa mbali na makazi yanaeleza jingine kabisa kuhusu wahunzi na majirani zao.

Nashuku picha za Abu Simbel ndizo zilizotuharibia. Hekalu lile la Misri lilikatwa vipande na kupandishwa juu miaka ya 1960 lisizamishwe na bwawa la Aswan, na tangu hapo watu wakisikia uokoaji wanawaza kuhamisha. Jiwe linahamishika. Fikiria Ivuna, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambako watu walichemsha chumvi kati ya karne ya 13 na ya 15, na mwanaakiolojia Brian Fagan na wenzake wakachimba miaka ya 1960 (huo haukuwa uokoaji, ulikuwa utafiti tu). Chumvi yenyewe iliyeyuka zamani. Tunaijua kazi ile kwa sababu vigae na tabaka za udongo vilisomwa vikiwa mahali pake.

Kuna kuhifadhi pia, ambako ni kitu kingine na mara nyingi ni rahisi zaidi: unakiacha kijiji chini ya ardhi na kusogeza msingi. Eneo la kuegesha magari likikaa juu ya makazi ya kale, na udongo wa kutosha ukatandazwa katikati, madoa yote ya nguzo yanaendelea kulala. Hapo kweli kuna kitu kimesalia kwa watakaokuja na vifaa bora kuliko vyetu.

Kwa hiyo siku wataalamu watakapofunga mifuko yao na zege likaanza kumwagwa, tuandike kwamba kijiji kimechimbwa na kurekodiwa kabla ya ujenzi. Kama ramani ya mradi ilibadilishwa ili msingi upite pembeni, tuandike kimehifadhiwa. Na kama walibeba vyungu bila mchoro wowote, tuandike tu kwamba walibeba vyungu.