Maana ya adui asilia wa wadudu

Adui asilia ni kiumbe anayewala wadudu waharibifu, au anayekulia ndani ya miili yao mpaka wafe. Hakuna aliyemwita. Yumo bustanini na nyumbani tayari, ila wengi wetu hatumtambui, na tukimwona tunamponda.

Chukua sukuma wiki nyuma ya nyumba hapa Kisumu. Mvua ikikatika, jua likachoma siku kadhaa, geuza jani changa. Utawakuta vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wa kijivu kama waliopakwa unga, wamebanana hadi jani limejikunja. Jike hahitaji dume. Huzaa watoto walio hai, na kwenye joto letu mtoto naye huanza kuzaa baada ya siku saba hadi kumi hivi.

Sasa mtafute aliye katikati yao. Kuna mdudu mweusi mrefu, miguu sita, madoa ya rangi ya chungwa, anatambaa kama mamba mdogo. Niliwaponda wengi hawa nikiamini ndio wanaomaliza mboga zangu, na hadi leo inaniuma. Kumbe ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi ambaye watoto hupenda kumtembeza kiganjani. Kabla hajakomaa anaweza kula vidukari mamia.

Ukimwona kidukari aliyevimba, wa kahawia, mgumu kama punje, mwache pia. Nyigu mdogo kabisa alitaga yai ndani yake. Ukiona tundu la mviringo mgongoni, nyigu mpya ameshatoka na anatafuta vidukari wengine.

Hapo ndipo dawa kali inapotuponza. Inaua kidukari na mlaji wake, lakini hawarudi pamoja. Kidukari aliyenusurika chini ya jani anaendelea kuzaa kesho yake, ilhali mbawakawa huchukua takriban wiki tatu kutoka yai hadi kukomaa. Ndiyo maana shamba lililopulizwa mara kwa mara huweza kujaa vidukari kuliko lile lililoachwa. Tena sukuma tunachuma karibu kila siku, na nani anasubiri zile siku zilizoandikwa kwenye chupa?

Mimi huchuma majani yaliyojaa na kuyafukia, kisha nawapiga waliobaki kwa maji ya nguvu upande wa chini wa jani. Wakizidi, napuliza maji yenye sabuni kidogo jioni. Sabuni huua inachogusa tu, ikikauka imekwisha. Angalia na sisimizi pia, kwa sababu hufuata majimaji matamu ya vidukari na kuwafukuza walaji wao. Na dania usiing'oe yote. Acha mashina machache yatoe maua, kwani nyigu wale wadogo hunywa humo.

Ndani ya nyumba walinzi wapo pia. Mjusi kafiri tunayemfukuza kwa ufagio hushinda usiku akila mbu na nondo kando ya taa. Kuna na buibui mdogo wa eneo hili la Ziwa Victoria, jina lake la kisayansi Evarcha culicivora. Hategi utando. Hukaa ukutani, akatazama kwa macho makubwa, akaruka. Mwaka 2005 watafiti waliomchunguza huko Mbita, kando ya ziwa hilo, walieleza kwamba akipewa nafasi ya kuchagua, huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Nikimwona ukutani, ufagio unampita.

Hata hivyo mbu huyo ameshauma mtu kabla ya kuliwa, kwa hiyo neti haiondoki kitandani. Na kwa kunguni usimngoje mlaji yeyote. Mashuka yaende kwenye maji ya moto, kisha usiku ushike tochi ukague pindo za godoro na nyufa za kitanda, moja baada ya nyingine.