Kuthibitisha programu kwa hisabati hakuui kasi ya ajaili

Dhana: "Mbinu rasmi hutaka kila kitu kithibitishwe kwanza, na timu ya ajaili haina muda huo."

Mbinu rasmi ni hizo za kuthibitisha programu kwa hisabati; ajaili (agile) ni kuunda programu kwa mizunguko mifupi, kila mmoja ukiisha kwa kumwonyesha mteja kazi. Naelewa hofu hii ilikotoka. Mwaka 2009, kiini cha mfumo endeshi cha seL4 kilithibitishwa kihisabati: mistari 8,700 hivi ya lugha ya C ilihitaji uthibitisho wa karibu mistari 200,000. Ukisikia hivyo utakimbia.

Lakini si lazima uthibitishe yote. Tangu 2011 wahandisi wa Amazon wametumia TLA+, lugha ya kihisabati aliyoibuni mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport, kueleza zile sehemu ngumu za usanifu tu. Kisha kompyuta inapekua njia ambazo mfumo unaweza kupita. Katika DynamoDB, hifadhidata ya Amazon, ilifichua kosa ambalo lingeweza kupoteza data, na njia fupi kabisa ya kulifikia ilikuwa na hatua 35. Mapitio ya usanifu, mapitio ya msimbo na majaribio, yote yalikuwa yamelipita. Nani angeliwaza kichwani? Na kujifunza lugha hiyo hadi kupata matokeo ya maana kuliwachukua wiki mbili au tatu.

Dhana: "Kinachokwamisha ni ugumu wa hisabati."

Mara nyingi kinachokwamisha ni wakati jibu linapofika. Kisa cha Infer, chombo cha Facebook cha kuchambua msimbo, kinanigusa sana. Kilipoendeshwa usiku na wahandisi kukabidhiwa orodha ya makosa, karibu hakuna aliyeyashughulikia. Kilipoingizwa kwenye mapitio ya msimbo, onyo likimkuta mhandisi badiliko bado liko mkononi mwake, zaidi ya asilimia 70 ya maonyo yalirekebishwa. Uchambuzi ni ule ule! Tena hilo linawezekana kwa sababu Infer huchambua kila kipande peke yake, hivyo badiliko dogo halilazimishi kazi yote kuanza upya. Timu ikiniuliza ianzie wapi, nitaipeleka hapo.

Dhana: "Kilichothibitishwa hakina kosa."

Kimethibitika kulingana na maelezo uliyoandika, basi. Ukikosea maelezo, umethibitisha kosa. Hapa ajaili inaisaidia hisabati: kwenye onyesho la kila mzunguko, msomee mteja sharti lenyewe kwa Kiswahili cha kawaida, "malipo yaliyorudishwa hayarudishwi mara ya pili", kisha umsikilize atasemaje.