Kigegezi cha safari: tumbo linasingiziwa

Boti ya Unguja kwenda Pemba ikifika maji ya Nungwi, wahudumu huanza kugawa mifuko. Mazungumzo hukatika, watoto hulala mapajani mwa mama zao, harufu ya ndimu hutanda kila upande. Mimi ni mmoja wa wanaoyaogopa maji yale, na nimeshapewa kila aina ya ushauri. Mwingi wake unazidisha mateso.

Wa kwanza ni huu: "Usile kitu, hutakuwa na cha kutapika." Lakini kigegezi, yaani kichefuchefu cha safarini, hakianzii tumboni. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vitatu vyenye majimaji vinavyouarifu ubongo kichwa kinavyogeuka. Boti ikiyumba, sikio linasema tunakwenda; macho yaliyokodolea kiti cha mbele yanasema tumetulia. Ubongo ukiletewa habari mbili zinazopingana, moyo huchafuka. Ndiyo maana mtu ambaye sehemu hiyo ya sikio imekufa kabisa, masikio yote mawili, hapati kigegezi hata bahari ichafuke vipi. Tumbo tupu halikukingi, litakufanya utapike nyongo tu, chungu na ya kuchosha. Kula kidogo saa moja au mbili kabla: mkate mkavu, ndizi, uji mwepesi. Pweza wa nazi na akusubiri bandarini Mkoani.

"Chezea simu ujisahau." Hapana, jamani! Simu ndiyo inayoyadanganya macho zaidi. Tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, na ukae katikati ya chombo ambako mrusho ni mdogo kuliko omo (mbele) au tezi (nyuma). Kwenye basi kaa mbele, uione barabara. Dereva hatapiki kwa sababu kona anaiona kabla hajaifikia. Ukikosa dirisha, fumba macho na uegemeze kichwa kisichezecheze.

Sasa tangawizi, ambayo wengi wanaiamini na wengi wanaitumia vibaya. Mwaka 1988 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio walilolifanya baharini kwa wanafunzi 80 wa jeshi la majini ambao hawajazoea mawimbi. Wengine walipewa gramu moja ya unga wa tangawizi, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa tangawizi hawakutapika sana kama wenzao, na jasho la baridi likawapungua. Kwa kichefuchefu chenyewe na kizunguzungu, nafuu ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kitu. Majaribio mengine hayakuona faida yoyote. Kwa hiyo tangawizi ni msaada, si kinga kamili, nami sipandi boti bila hiyo.

Kosa kubwa ni wakati. Watu huitafuna wakati mate yameshawajaa mdomoni. Kichefuchefu kikianza, tumbo huacha kusukuma chakula mbele, basi unachomeza hukaa palepale au hurudi. Kunywa chai ya tangawizi nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Hata vidonge vya duka la dawa vina sharti hilohilo.

Wengine husema cha asili hakina madhara. Tangawizi nyingi huleta kiungulia, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, amuulize daktari kwanza. Ndimu haina neno: ushahidi wake ni mdogo, ila inafunika harufu ya dizeli na manukato makali, ambayo kweli huzidisha hali.

Linaloniuma zaidi ni kusikia mtoto akitapika basini na mtu akisema ni ushamba. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuka kuliko wote, na wajawazito nao huzidiwa. Admirali Nelson wa Uingereza, aliyeishi baharini tangu utotoni, alisumbuliwa na kigegezi hadi mwisho wa maisha yake. Wengi wanaokaa chomboni huzoea baada ya siku mbili tatu, kwani ubongo hujifunza mwendo ule. Mazoea hayo hupotea ukikaa nchi kavu muda mrefu, na hata baharia mkongwe anaweza kuchafukwa siku ya kwanza anaporudi majini.