Mgombea wa chama cha dini: ya kijiweni na ya kwenye Katiba

Uchaguzi ukikaribia, kijiwe cha kahawa ninachokaa jioni pale Kariakoo hugeuka mahakama. Kashata hazijazunguka mara mbili, tayari mtu ameshatoa hukumu: chama kile ni cha Waislamu. Wa pili hakubali kuachwa: na kile kingine je, si cha kanisa? Wa tatu, mara nyingi fundi wa kupoza moto kwa kuongeza kuni, atauliza kwa nini basi Wakristo na Waislamu wasiruhusiwe kila mmoja awe na chama chake, wapimane. Maneno haya nimeyasikia chaguzi nyingi, na mengi hayana miguu. Nayachukua yale yanayorudi kila mara.

"Kuna vyama vya dini vimesajiliwa, ila vinajificha"

Havipo. Ibara ya 20(2) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza kuandikishwa kwa chama ambacho, kutokana na katiba yake au sera yake, kinakusudia kukuza au kupigania maslahi ya imani au kundi lolote la dini. Katazo hilohilo linagusa ukabila, rangi, jinsia, na chama kinachotaka kufanya siasa zake upande mmoja tu wa Muungano. Ibara ya 3 nayo imeshasema kwamba nchi hii haina dini.

Tena si suala la maandishi peke yake. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, ilipotungwa, ilitaka chama kinachoomba usajili wa kudumu kionyeshe wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, na katika hiyo kuwe na mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Chama cha waumini wa dhehebu moja la Kikristo kikitafute hao 200 wake wa Pemba! Na jumuiya ya msikiti mmoja wa Mbagala iwatafute wake huko Rukwa na Njombe. Ugumu huo umewekwa makusudi.

Ila hapa pana jambo ambalo watu hulichanganya. Kinachotazamwa ni katiba na sera ya chama. Mwenyekiti akija mkutanoni Jangwani amevaa kanzu na kofia ya kiua, au akafungua hotuba kwa "Bwana Yesu asifiwe", chama hakijageuka cha dini. Serikali haina dini, watu wake wanazo.

"CUF ilikuwa ya Waislamu, Chadema ni ya kanisa"

Hili ndilo lililotuumiza zaidi, na ndilo linalodumu. Walioeneza neno hili walijua kazi yake: huhitaji kuijibu ilani ya mpinzani ukishamweka kwenye safu ya wale. Sasa tuangalie rekodi.

CUF ilizaliwa 1992 kwa kuunganisha KAMAHURU, kundi la Zanzibar lililodai vyama vingi, na Chama cha Wananchi cha bara. Mwenyekiti wake wa kwanza aliitwa James Mapalala. Hicho ndicho chama kilichosemwa kimezaliwa msikitini.

Upande wa pili, mwaka 2000 Chadema, hicho kinachoitwa cha kanisa, hakikusimamisha mgombea urais. Kilimuunga mkono Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF. Mwaka 2005 kilimsimamisha Freeman Mbowe na mgombea mwenza Jumbe Rajab Jumbe, na kifo cha Jumbe siku chache kabla ya kura ndicho kilichousogeza uchaguzi mzima wa Muungano kutoka tarehe 30 Oktoba hadi 14 Desemba. Wengi wetu tunaikumbuka ile foleni ya Desemba. Wachache wanakumbuka ilitokana na nini.

Ukichimba utaona haya hayakutokea kwa bahati. Katiba inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Zanzibar karibu watu wote ni Waislamu. Kwa hiyo chama chochote kinachomsimamisha Mkristo wa bara kugombea urais kinajikuta, karibu kila mara, na Muislamu pembeni yake kwenye karatasi ya kura. Lowassa, Mlutheri wa Monduli, alisimama 2015 kwa Chadema pamoja na Juma Duni Haji.

"Sheikh au mchungaji haruhusiwi kugombea"

Anaruhusiwa. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe raia, awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Pamoja na masharti mengine machache ya kisheria, hakuna mahali panapomuuliza kama anaongoza swala au ibada.

Hapa Dar ushahidi tunao nyumbani: Askofu Josephat Gwajima alichukua jimbo la Kawe mwaka 2020 kwa tiketi ya CCM. Mchungaji Getrude Rwakatare wa Mlima wa Moto, Mikocheni, alikuwa mbunge wa viti maalumu hadi alipofariki Aprili 2020, naye wa CCM. Mchungaji Peter Msigwa aliichukua Iringa Mjini mwaka 2010 kwa Chadema.

Kwa nini basi watu wanaamini marufuku ipo? Nadhani wanachanganya sheria ya nchi na sheria ya kanisa. Kanisa Katoliki, kwa Sheria zake za Kanisa, huwakataza mapadri wake kushika nyadhifa za umma zenye madaraka ya kiserikali. Dk. Willibrod Slaa alikuwa padri, na alikuwa ameshatoka upadri alipoingia bungeni kwa jimbo la Karatu mwaka 1995. Anayemzuia padri ni askofu wake. Tume ya Uchaguzi haihusiki.

"Urais ni zamu: Mkristo akitoka, anaingia Muislamu"

Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia. Ukiipanga hivyo ni kweli inapishana, na mzee mmoja wa kijiweni huihesabu kwa vidole kama mtu anayevuta tasbihi. Lakini haimo kwenye Katiba wala kwenye sheria yoyote. Kinacholazimishwa ni bara na visiwani, kati ya Rais na Makamu, basi. Rais Samia hakuingia Machi 2021 kwa sababu zamu ilimfikia. Aliingia kwa sababu Rais alifariki akiwa madarakani, na Katiba inasema Makamu ndiye anayeapishwa.

"Sisi ndio wengi, chama chetu kingeshinda asubuhi"

Mara ya mwisho sensa ya nchi hii kuuliza dini ilikuwa 1967. Ile ya 2022 ilitupata watu 61,741,120, na katika hao 5,383,728 walihesabiwa Dar es Salaam, bila yeyote kuulizwa anaswali wapi. Mwaka 2012 wapo Waislamu waliosusia sensa wakitaka swali hilo lirudishwe. Kila upande unapojitangazia asilimia zake, ujue hizo ni za kijiweni kama hizi zetu.

Na tuseme hata ungekuwa nazo. Jiji hili lilishakijaribu chama cha dini kabla ya uhuru, jambo ambalo vijana wengi hushangaa wakilisikia. Miaka ya mwisho ya 1950 kilikuwepo chama kilichoitwa All Muslim National Union of Tanganyika, AMNUT. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: Waislamu walikuwa nyuma kielimu, maana shule nyingi zilikuwa za misheni, na uhuru ukija haraka, kazi za serikali zitachukuliwa na waliosoma. Kikataka uhuru ucheleweshwe mpaka pengo hilo lizibwe.

Walioikataa AMNUT kwa sauti kubwa ni Waislamu wenyewe waliokuwa ndani ya TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru: akina mama na wazee wa Kariakoo na Gerezani waliouza kadi za TANU mtaa kwa mtaa. Kwao uhuru ulitangulia. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichobaki kilikwenda kwa mgombea binafsi huko Mbulu. AMNUT haikupata hata kimoja. Malalamiko ya elimu yalibaki, na mpaka leo utayasikia, lakini waumini hawakulipigia kura jina la dini yao.

Mimi husema, kwa hasira kidogo, kwamba anayekuambia waumini wote watampigia mtu mmoja hajawahi kukaa kwenye kamati ya msikiti wala baraza la wazee wa kanisa. Kuchagua mweka hazina tu watu hununiana mwaka mzima.

"Kwa wenzetu vyama vya dini vipo na vinatawala"

Vipo baadhi ya nchi, ila si kwa jirani yetu Kenya. Huko, mwaka 1992, Islamic Party of Kenya ilianzia Mombasa ikanyimwa usajili, na Katiba yao ya 2010 imekataza waziwazi chama kujengwa juu ya dini.

Afrika Kusini ndiyo inayoruhusu. African Christian Democratic Party ya Mchungaji Kenneth Meshoe ilipata asilimia 0.45 ya kura mwaka 1994, na asilimia hiyo ikawapa viti viwili bungeni. Al Jama-ah, chama kidogo cha Waislamu, kilipata kiti kimoja 2019, lakini kwa hesabu za ushirika wa vyama diwani wake akawa meya wa Johannesburg mwaka 2023. Siri ni mfumo. Kule viti vinagawanywa kulingana na kura za nchi nzima, kwa hiyo kura zako chache zilizotawanyika zinajumlishwa. Kwetu jimbo anachukua aliyeongoza, na hata viti maalumu chama hakigawiwi mpaka kifikishe asilimia 5 ya kura zote halali za wabunge. Chama cha asilimia 0.45 hapa kingerudi nyumbani na madeni ya spika na turubai.

Hata CDU, chama kikubwa cha Ujerumani, kina neno "Kikristo" kwenye jina, na kina wanachama Waislamu. Msishike majina.

"Mimbarini unaweza kusema lolote, ni uhuru wa kuabudu"

Uhuru wa kuabudu upo, Ibara ya 19. Lakini Maadili ya Uchaguzi hayaruhusu nyumba za ibada kutumiwa kwa kampeni, na Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya 1985 iliipa mahakama nguvu ya kutengua ushindi wa mbunge ikithibitika kwamba mgombea, au mtu mwingine kwa ridhaa yake, alitoa maneno ya kutumia tofauti za dini, kabila au rangi. Maana yake msemaji wako anaweza kukupotezea jimbo ulilolishinda.

Kutoa mwongozo wa jumla ni jambo jingine. Kuelekea uchaguzi wa 2010 Kanisa Katoliki lilitoa waraka wake na Shura ya Maimamu ikatoa mwongozo wake. Wanasiasa walipiga kelele, nyaraka zikasomwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo dini ilipo katika siasa zetu kweli: haina chama, ina waraka, ina salamu za Ijumaa na matangazo ya Jumapili baada ya sadaka.

"Mwenye imani yake asimame peke yake, hahitaji chama"

Hili lina jina la mtu: Mchungaji Christopher Mtikila. Watu humkumbuka kama mchungaji mwenye chama, wakadhani Democratic Party ilikuwa ya kidini. Haikuwa. Iliponyimwa usajili wa kudumu mwaka 1993, tatizo lilikuwa Muungano: DP ilitaka Tanganyika yake. Ilisajiliwa 2002, na 2005 Mtikila akagombea urais akapata kura 31,083 nchi nzima, chini ya theluthi moja ya asilimia moja.

Lakini kesi yake kubwa ilikuwa ya mgombea binafsi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Dodoma ilimpa haki, Bunge likabadilisha Katiba kuifunga njia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa tena, na 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 ikasema sharti la kumlazimisha mtu apitie chama linakiuka haki zake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015. Wiki tatu baadaye nchi ilipiga kura, na kwenye karatasi kila jina la mgombea urais lilikuwa na chama pembeni yake.