Je, wajua kwa nini kompyuta huchemka hata kwenye baridi ya Mbeya?

Julai ya Mbeya haina masihara. Usiku nyuzi joto zinashuka chini ya 10, asubuhi mlima Loleza umejifunika ukungu, na ukinawa maji ya bombani unahisi vidole si vyako. Ilikuwa wiki ya namna hiyo mpwa wangu, anayesoma chuo hapa mjini, alipoingia sebuleni na kompyuta mpakato yake ameiviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani mgonjwa?"

"Huyu. Anaunguruma kama fuso linapanda Mlima Nyoka, halafu akishapata moto anajizima. Na Ijumaa natakiwa kukabidhi kazi."

Nikamuuliza anaitumia wapi. Kitandani, akasema, na baridi hii akae wapi tena? Kisha akauliza kitu ambacho nimeulizwa na watu wengi wa huku juu: chumba chenyewe ni friji, kwa nini mashine isipoe yenyewe? Kuchemka kwa kompyuta si ugonjwa wa watu wa Dar es Salaam?

Hapana. Joto la kompyuta huzaliwa ndani kabisa, na baridi ya chumba hukutana nalo kwenye kituo cha mwisho tu. Kabla ya hapo lina safari yake. Safari hiyo ikikatika njiani, hata ukihamia kwenye baridi ya Kitulo haitakusaidia.

Nilianza kwa kupima. HWMonitor ni programu ndogo ya bure inayosoma vipimajoto vilivyomo ndani ya mashine. Tukafungua ukurasa wa intaneti na waraka mmoja, hakuna zaidi, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikapanda mpaka nyuzi 97. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato huanza kujihami zikikaribia 100: zinapunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na joto likizidi kupanda mashine inazimika. Ndiyo maana kompyuta inayochemka huwa pia nzito. Mwenye nayo anadhani ni virusi, anaweka programu ya kuviua, kisha ya pili, na kila anachoongeza kinaipa kazi zaidi na kuizidishia moto.

Prosesa ni kipande cha silikoni ambacho mara nyingi hakizidi sana ukucha wa kidole gumba. Kikifanya kazi kwa nguvu kinaweza kula wati 30 au zaidi, na karibu zote zinageuka kuwa joto. Pasi ya umeme ya wati 1,000 inaonekana kubwa kuliko hiyo, lakini joto lake limesambaa kwenye bati zima. Ukigawa kwa kila sentimita ya mraba, prosesa inaizidi pasi mara tatu au nne. Sasa fikiria pasi ya namna hiyo imefungiwa kwenye boksi jembamba kama daftari. Joto lisipotolewa nje kila sekunde, hakuna baridi ya kuliwahi.

Juu ya prosesa kuna bapa la shaba lililokandamizwa kwa skrubu. Kwa macho nyuso hizo mbili ni laini kama kioo. Ukizikuza, kila moja ni mabonde na vilima, zinagusana kwenye vilele tu, na kwenye mabonde inabaki hewa. Hewa iliyotulia ni kizuizi cha joto. Blanketi lenyewe linafanya kazi kwa kuzuia hewa ndani ya manyoya yake. Shaba inapitisha joto kuliko hewa hiyo zaidi ya mara 10,000. Kwa hiyo tabaka la hewa ambalo huwezi hata kuliona linatosha kuharibu kazi yote ya bapa.

Hapo ndipo inapoingia pesti, ule uji mzito wa kijivu au mweupe ambao fundi anaupaka. Ni unga laini wa madini, kama oksidi ya zinki au ya alumini, uliokorogwa kwenye mafuta ya silikoni. Kazi yake ni kujaza mabonde na kuifukuza hewa. Wengi wanadhani pesti ni kitu kinachopoza, kwa hiyo wanaimwaga kama siagi kwenye mkate. Haipozi. Kwa kupitisha joto inaizidi hewa zaidi ya mara 100, lakini shaba nayo inaizidi pesti makumi ya mara. Inayotakiwa ni ile ya kuziba mabonde basi. Ikizidi hapo inakuwa blanketi jingine.

Na pesti inazeeka. Mashine ikiwaka inapata moto, ikizimwa inapoa, na kila mara prosesa na bapa la shaba vinatanuka na kunywea kwa viwango tofauti. Mchezo huo wa kila siku unaisukuma pesti pembeni taratibu, huku mafuta yakijitenga na unga. Baada ya miaka kadhaa katikati pamebaki utando mkavu, na kingo zimekuwa chokaa inayobanduka kwa kucha. Ya mpwa wangu ilikuwa imefikia hapo. Nilipolegeza skrubu bapa lilitoka kwa mlio mdogo wa "tak", na juu ya prosesa palikuwa na ramani ya nyufa kama tope la Usangu wakati wa kiangazi.

Kutoka kwenye bapa joto linapanda bomba la shaba lililobanwa likawa bapa nalo. Shaba, ile ile inayopita hapa Mbeya kwenye malori kutoka Zambia na Kongo, na ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo iliyofanya reli ya TAZARA ikajengwa na kukamilika mwaka 1975. Watu wengi wanadhani bomba hilo ni shaba tupu. Ndani lina uwazi, na ndani ya uwazi mna maji kidogo sana.

Hapa mtu wa nyanda za juu ana bahati, kwa sababu anayajua maharage. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Ndiyo maana maharage ya kisado kilekile yanakula mkaa mwingi huku kuliko kule Kyela chini kando ya ziwa. Watengenezaji wa bomba wameichukua kanuni hiyo na kuifikisha mbali: wameinyonya hewa yote iliyomo, kisha wakaliziba. Maji yaliyomo yanageuka mvuke hata kwenye nyuzi 40 au 50. Mvuke unakimbilia upande wenye ubaridi, unarudi kuwa maji, unaacha joto lake pale, na maji yanarejea kwa kunyonywa na utambi ulioshikana na kuta, kama mafuta ya taa kwenye koroboi. Halina pampu wala umeme, wala halina cha kupaka mafuta. Likipinda au likitoboka limekwisha, hakuna fundi wa kulijaza upya mtaani. Ndiyo sababu ukimwona mtu analichomoa bapa kwa kulivuta na bomba lake, mwambie pole pole.

Upande wenye ubaridi ni mapezi, vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na feni inapuliza katikati yake. Dereva yeyote wa Kitonga ataelewa bila kuchorewa: hiyo ni rejeta. Na rejeta iliyoziba, lori linasimama mlimani hata mvua ikinyesha.

Kwenye mashine ile sikuyaona mapezi. Nilikuta kitu kama kipande cha sufi kimeziba mlango wote, kinene kama kiberiti kikilazwa. Nikakivuta kwa kibanio kikatoka kizima, kikining'inia. Kilikuwa na rangi ya damu ya mzee.

"Blanketi lako lina rangi gani?" nikamuuliza.

Akaangalia kile kipande, akaangalia pembeni. "Damu ya mzee."

Hivyo ndivyo baridi ya Mbeya inavyochemsha kompyuta. Feni nyingi zinavuta hewa kupitia matundu ya chini. Ukiilaza mashine juu ya blanketi, kwanza umeziba pua, pili feni inavuta manyoya badala ya hewa. Ongeza vumbi la kiangazi, na jivu la mkaa kwa wanaoingiza jiko chumbani. (Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua watu usingizini; kompyuta ni jambo dogo.) Halafu kuna hili lisiloonekana: hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma ujazo uleule, lakini ndani yake mna hewa kidogo ya kubeba joto. Baridi inakurudishia sehemu ya ulichopoteza, ndiyo, ila kwa feni iliyoziba hesabu hiyo haina maana.

Kazi yenyewe ni ya saa moja kwa mwenye utulivu. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko kwa bisibisi ya nyota, na kabla ya kugusa kingine chochote chomoa waya wa betri kwenye bodi. Gusa chuma kilicho wazi ili umeme tuli wa sweta lako uondoke. Usicheke, kwenye hewa kavu ya Julai sweta linatoa cheche gizani. Skrubu za mfuniko huwa na urefu tofauti, na ndefu ikirudishwa pa fupi inatoboa. Mimi nachora umbo la mashine kwenye karatasi na kuchomeka kila skrubu mahali pake.

Feni ishike kwa kidole kabla ya kuipuliza. Ikiachwa izunguke kwa upepo wa blowa inaweza kupita kasi yake na kuua beringi, na yenyewe ikizungushwa inafua umeme kidogo unaorudi kwenye bodi. Feni inayokwaruza usiihangaikie sana, nunua nyingine ya modeli hiyohiyo.

Karibu na skrubu za bapa mara nyingi kuna namba zilizochongwa: 1, 2, 3, 4. Kufungua unaanza na ya mwisho ukirudi nyuma, kidogo kidogo kila moja, kwa sababu prosesa nyingi za kompyuta mpakato ziko uchi bila kofia ya chuma na kona zake zinamong'onyoka ukizielemea upande mmoja. Pesti ya zamani inatoka kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya duka la dawa aghalabu ni asilimia 70 na iliyobaki ni maji, inafaa ukiipa muda wa kukauka; ukipata alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kitu ni bora zaidi.

Pesti mpya: punje moja ya mchele wa Kyela katikati, kwa prosesa ndefu punje mbili, kisha itandaze kwa kipande cha plastiki mpaka ifunike uso wote. Rudisha bapa kwa kulishusha wima, funga kwa kufuata namba. Dawa ya meno? Nimeikuta mara mbili ndani ya mashine za watu. Inafanya kazi siku chache, maji yake yanakauka, na unabaki na jiwe lenye harufu ya mnanaa. Pesti ya chuma cha maji nayo, ile yenye galiamu, usiilete karibu kama bapa lako ni la alumini, kwa kuwa galiamu inaila alumini mpaka inavunjika kama biskuti. Tena inapitisha umeme. Tone moja pembeni linatosha.

Vile vipande laini vya mpira vilivyo kwenye memori na vifaa vidogo pembeni, ambavyo mafundi huviita pedi, viache kama ni vizima. Vinaziba nafasi ya nusu milimita au hata zaidi. Ukivitoa na kupaka pesti mahali pake, pesti haitafika juu, na kifaa kitaungua huku prosesa ikisoma baridi.

Wapo wanaobadilisha pesti kila miezi sita. Mimi naona ni kuichosha mashine bure. Nafungua kusafisha vumbi mara moja kwa mwaka, kiangazi kikiisha, na pesti naigusa pale vipimo vinapobaki juu hata baada ya kusafisha. Ila bapa likishainuliwa, hata kwa bahati mbaya, pesti mpya ni lazima, maana ile ya zamani imeshaingiza hewa. Mashine iliyo bado kwenye waranti nampelekea aliyeniuzia.

Ya mpwa wangu tuliiwasha saa mbili usiku, kwa ukurasa uleule na waraka uleule. Nyuzi 61. Feni ilikuwa kimya kiasi kwamba aliinamisha sikio kuhakikisha inazunguka. Nikamwambia kitandani aendelee kukaa, nani atamfukuza kwenye blanketi mwezi huu, ila chini ya mashine aweke kitu kigumu na bapa ili vile vimiguu vyake vya mpira viiinue ipate pumzi.

Kazi aliikabidhi Ijumaa. Jumapili mama yake alinipigia simu, baada ya salamu akauliza kama ni mimi niliyemwambia mtoto achukue sinia lake la kuchambulia mchele.